Proteze za maziwa na vumbi ya mugodi: mwili unasema, nani anasikiliza?

Siku ya posho moja, nyuma ya mukutano wa sendika, wanaume walikuwa wanatoka, lakini mama mumoja alibakia kwenye benchi ya nyuma. Ni bibi ya mwenzetu wa posti ya usiku. Alingojea mpaka chumba kikabakia na watu watatu, njo akatueleza mambo yake. Miaka kenda mbele ya ile siku, walimukata ziwa moja juu ya kansere. Ilikuwa inje ya inchi, jamaa yote ilichanga feza. Kisha wanganga wakamuwekea proteze pa fasi ya ziwa lenye lilikatwa. Sasa ile fasi imekuwa ngumu sawa mupira wenye kujaa upepo. Inamuuma usiku, na mukono haupande tena muzuri. Alikwenda kujionyesha kwa wanganga mara tatu. Mara ya kwanza walimuambia ni uzee. Mara ya pili, ni kuwaza sana. Mara ya tatu walimupatia vidonge vya maumivu na kumuambia arudie kwake.

Bwana yake naye anakohoa tangu miaka ine. Walimuambia ni sigara. Ule mwenzetu hajavuta sigara hata siku moja.

Mama akatuuliza: “Ninyi wa sendika munasemea paka mapafu ya wanaume? Na kifua yetu sisi, nani ataisemea?”

Tulikosa jibu. Mumoja kati yetu alicheka kidogo, akasema proteze ni mambo ya wanawake wa televizyo. Tunasema wazi kama kicheko ile ilikuwa ya ujinga, na tunamuomba mama musamaha hapa katika gazeti. Nyuma ya ile siku tulitafuta, tulisoma, tulimuuliza munganga mwenye tunaamini. Na mambo yenye tulikuta inatuhusu sisi wote, wenye kuingia mugodini na wenye kubakia nyumbani.

Mwili unafanya nini na mugeni

Kila mutu anajua hii: mwiba ukiingia katika muguu na ukibakia mule, kisha siku fulani unagusa na unasikia kitu kigumu chini ya ngozi. Mwili umejenga ukuta kuzunguka ule mwiba. Haukuweza kuutoa, haukuweza kuumeza, njo umeufunga.

Na proteze ni vile vile. Tangu siku yenye inawekwa, askari wa damu wanafika kuangalia ule mugeni. Wanajaribu kumumeza, lakini mugeni ni mukubwa kupita wao. Wanaungana wengi, wanashindwa tena. Basi mwili unashona mufuko wa nyuzi kuzunguka proteze yote. Ule mufuko unajengwa kwa kila mwanamuke mwenye kuwekewa proteze, hata ile yenye kutengenezwa muzuri sana. Haiko ugonjwa. Kwa wengi mufuko unabakia mwembamba na laini, na wanaishi nao bila mateso.

Lakini kwa wengine mufuko unaanza kukaza. Unanenepa, unajikunja, unaminya proteze sawa ngumi yenye kufunga. Wanganga wanapima ile hali kwa daraja 4. Katika daraja ya 1 ziwa ni laini sawa kawaida. Katika daraja ya 4 ni ngumu, umbo limebadilika, na linauma. Wakati tulimueleza munganga wetu alama za ule mama, alisema zinafanana na daraja ya 4, na kama anapashwa kupimwa bila kukawia. Haiko uzee, haiko mawazo. Ni ugonjwa wenye jina, wenye kuandikwa katika vitabu vya udokta tangu zamani.

Kuna mambo ingine yenye kila mama mwenye proteze anapashwa kujua. Proteze haiko ya maisha yote. Kadiri miaka inapita, njo hatari ya matatizo inaongezeka, na wengi wanalazimika kupasuliwa mara ingine. Inaweza kupasuka ndani bila mwenyewe kusikia kitu. Jel inabakia katika mufuko, ao inatoka pole pole mpaka inafika katika tezi za kwapa. Ekografi inaweza kuonyesha ile, na IRM inaonyesha muzuri zaidi. Kwa hiyo, mwanamuke mwenye haumwe pia anapashwa kujipimisha.

Tena kuna kansere moja yenye haitokee mara mingi, yenye inafuatana na proteze, zaidi zile zenye ngozi ya kukwaruza. Haiko kansere ya ziwa lenyewe. Ni kansere ya chembe za kinga ya mwili, inaota katika maji ao katika mufuko kuzunguka proteze. Shirika la Afya la Dunia, OMS, liliitambua katika mwaka wa 2016. Katika mwezi wa 4 wa 2019 Ufaransa ilikataza proteze fulani zenye ngozi ya kukwaruza sana, na katika mwezi wa 7 wa mwaka ule ule kompani Allergan iliondoa proteze zake za Biocell katika soko la dunia yote. Alama kubwa ni hii: ziwa kuvimba ghafula wakati miaka mingi imekwisha kupita tangu kupasuliwa. Ikionekana mapema, mara mingi kutoa proteze pamoja na mufuko wake kunatosha. Ikichelewa, ni mambo ingine.

Wanawake wengi katika inchi mbalimbali wanasema pia juu ya uchovu wenye hauishe, maumivu ya viungo, kusahausahau. Sayansi haijapata kipimo chenye kuonyesha sababu yake. Lakini kuko wanawake wenye walitolewa proteze na wakasikia nafuu. Sisi wa mugodi tunajua vile inakuwa wakati mutu anasema “ninaumwa” na karatasi inasema “hakuna kitu”.

Ndugu yake mwenye kukaa mapafuni

Njo maana tunaleta hapa mambo ya vumbi. Silikoni ya proteze, mwanzo wake ni jiwe la kwarzi, lile lile lenye tunapasua kila siku. Lakini tusichanganye. Jel ya proteze haiko vumbi, na mwanamuke mwenye proteze hapate silikozi. Chenye kinafanana ni vile mwili unajilinda.

Chembe ya vumbi ya kwarzi ni ndogo kabisa, jicho haliione. Inashuka mpaka chini ya mapafu. Askari wa damu anafika, na huyu anaweza kuimeza kwa sababu ni ndogo. Anaimeza, kisha anakufa. Chembe inabakia. Mwingine anafika, anaimeza, anakufa naye. Pa kila fasi ya vita mwili unaacha kovu. Kovu juu ya kovu, mapafu inakuwa ngumu, na pumzi inapungua. Vumbi ile inafungulia tena kifua kikuu mulango. Hakuna dawa ya kurudisha mapafu yenye imekuwa kovu, na ugonjwa unaweza kuendelea hata kama mutu ameacha kazi. Kompani imekwisha kumusahau, lakini mwili haujasahau.

Basi mutazame ile nyumba moja. Mama iko na ukuta katika kifua, bwana iko na kovu katika mapafu. Wote wawili miili yao ilijaribu kufunga kitu chenye haikuchagua. Na wote wawili waliambiwa kama ni kosa lao: huyu anawaza sana, huyu anavuta. Wazee wanasema kama kitanda chenye haulalie, haujue kunguni zake. Mwenye kulala pale njo anapashwa kuulizwa kwanza.

Kiwanda cha La Seyne-sur-Mer

Sasa tunafika kwenye jambo lenye lilituamusha sana sisi watu wa sendika. Katika Ufaransa ya kusini, mu muji wa La Seyne-sur-Mer, kulikuwa kiwanda kimoja, Poly Implant Prothèse, watu wanaita PIP. Kilianzishwa na Jean-Claude Mas katika mwaka wa 1991. Kilitengeneza proteze za maziwa na kuziuza katika inchi zaidi ya 60. Serikali ilikuwa imeruhusu jel ya namna moja, yenye kupimwa kwa kazi ya udokta. Lakini ndani ya kiwanda walikuwa wanajaza jel yao wenyewe, yenye kutengenezwa na silikoni ya kazi za viwanda, kwa bei ya chini sana. Karatasi zilisema hivi, mapipa ilisema vingine.

Katika mwezi wa 3 wa 2010 wakaguzi wa serikali walifika na kukuta udanganyifu. Proteze zikakatazwa. Kiwanda kikafungwa, wafanyakazi karibu 120 wakapoteza kazi. Katika Ufaransa peke yake, wanawake karibu 30.000 walikuwa na zile proteze mwilini. Katika mwezi wa 12 wa 2011 serikali ya Ufaransa iliwashauri wazitoe, hata wale wenye hawakuumwa. Uchunguzi wenye ulifanywa Uingereza katika 2012 ulionyesha kama zile proteze zinapasuka mara 2 mpaka 6 kupita zingine. Hawakukuta kama jel ile inaleta kansere. Lakini ikitoka inje, inakera mwili na kuvimbisha tezi.

Wale wanawake hawakulia kila mutu kwake. Waliungana. Wakati kesi ilifunguliwa Marseille katika 2013, walalamikaji walikuwa zaidi ya 5.000, tribinali haikuwatosha, wakasambisha kesi katika jumba kubwa la maonyesho. Tarehe 10 mwezi wa 12 wa 2013 Mas alihukumiwa miaka 4 ya kifungo na kulipa euro 75.000, na viongozi wengine 4 wa kiwanda wakahukumiwa pamoja naye. Hata vile haki haikuwa sawa kwa wote. Serikali ililipa kutoa proteze kwa kila mwanamuke, lakini kuweka mupya ililipa paka kwa wale wenye walikatwa ziwa juu ya kansere.

Na hii njo fasi tunaomba kila mufanyakazi asome mara mbili. PIP ilikuwa na sertifika. Kompani moja ya Ujerumani, TÜV Rheinland, ilikuwa inatuma wakaguzi wake kila mara kuangalia kama kazi inafanywa muzuri. Kwa miaka hawakuona kitu. Sababu gani? Kwa sababu kiwanda kilijua siku ya kufika kwao. Kesi ilionyesha kama mbele ya wakaguzi kufika, mapipa na makaratasi vilikuwa vinaondolewa. Mapipa hayana miguu. Kuko mikono ya wafanyakazi yenye iliisukuma.

Hatusemi vile juu ya kuwahukumu. Mufanyakazi mwenye kulisha watoto, kapita anamuambia “sukuma pipa hili nyuma”, anasukuma. Nani kati yetu hajafanya vile? Lakini kisha wanawake waliumia, na kazi nayo ikaisha. Kunyamaza hakukulinda kazi ya mutu hata mumoja.

Siku ya wakaguzi kwetu

Sisi pia tunajua siku ya wakaguzi. Kwenye mugodi moja yenye wengi wetu tulitumika, tulikuwa tunaijua mbele ya juma moja. Kamyo ya maji inapita asubui na mapema kumwangia njia zote, vumbi inalala. Maske mupya zinatoka katika depo, zenye tuliomba tangu miezi. Mashini yenye ilikuwa inatoa vumbi sana, inasemekana “iko katika matengenezo”. Wakaguzi wanafika, wanaona njia safi na watu wenye maske muzuri, wanaandika, wanakula, wanaenda. Kesho yake kamyo ya maji haionekane tena.

Na sisi tulifanya nini? Tulivaa zile maske, tukanyamaza. Sisi pia tulisukuma pipa.

Watu fulani watatuambia: “Musilinganishe. Proteze mutu anachagua mwenyewe, lakini kazi ya mugodi ni lazima.” Tunajibu kwanza kama wanawake wengi wenye proteze waliugua kansere, sawa ule mama wetu. Halafu, hata yule mwenye alichagua juu ya uzuri, alichagua kitu chenye aliambiwa ni cha udokta. Hakuchagua jel ya kiwanda. Sawa vile mutu wa mugodi alichagua mushahara, hakuchagua silikozi. Yule mwenye alidanganya njo iko na kosa, hapana yule mwenye aliamini.

Wengine watasema: “Mukisema sana, kompani itafunga, tutakosa kazi.” PIP ilifungwa juu ya uongo, hapana juu ya mutu mwenye alisema ukweli. Na jirani zetu wa Afrika ya Kusini, wachimbaji wa zahabu wenye silikozi, walisambisha kompani kwa miaka. Katika 2018 kompani 6 zilikubali kuweka feza, zaidi kidogo ya miliari 5 za randi, kwa wagonjwa na wajane wa wale wenye walitumika tangu 1965. Ile migodi haikufungwa juu ya kesi ile. Lakini mutu anapashwa kuonyesha alitumika wapi na mapafu yake iko namna gani. Mwenye karatasi njo anaanza na nguvu.

Mambo yenye tunaomba

Kwa wamama na wadada. Mwenye proteze, utafute karte yako, ile yenye kuandikwa jina la kompani na namba. Kama haukupewa, ulizia fasi yenye ulipasuliwa. Iweke pamoja na karte ya uchaguzi, usiitupe. Ziwa likikuwa gumu, likibadilika umbo, likivimba, ao ukikuta uvimbe katika kwapa, usikubali kuambiwa ni mawazo mbele ya ekografi. Kwa mabinti: siku hizi tunasikia watu wenye kuuza masindano ya kukuza maziwa na matako katika vyumba vya nyumbani. Msikubali. Silikoni ya maji yenye kupigwa na sindano haina hata ganda la kuizuia. Inatembea katika mwili, inaweza kuingia katika mushipa wa damu na kufika mapafuni, na mutu anaweza kufa.

Kwa wanaume. Mwache kuchekelea maumivu ya wake zenu. Mumufikishe bibi kwa munganga sawa vile mungetaka yeye awafikishe. Na ninyi wenyewe, kila mara munapigishwa radio ya kifua, muombe kopi. Radio yenye kubakia katika dispensere ya kompani ni ya kompani.

Kwa wakubwa wa kazi na wa serikali. Mukaguzi asitangaze siku yake. Akifika, delege wa wafanyakazi atembee pamoja naye, na aseme nini ilikuwa pale jana. Kila kompani ikuwe na kitabu cha wagonjwa wa vumbi, chenye mugonjwa mwenyewe anaweza kusoma. Na mufanyakazi mwenye kuonyesha pipa lenye kufichwa asifukuzwe. Hapo sendika inapashwa kusimama mbele yake, na kama hatutasimama, mutuondoe.

Juma ilipita ule mama alirudia kwenye ofisi yetu. Alikuwa ametafuta katika sanduku chini ya kitanda na akakuta karte yake, imekunjwa, lakini namba inasomeka. Kwa karte ile munganga alijua ni proteze gani, na ekografi imekwisha kuandikwa. Hatujui itaonyesha nini. Lakini mara hii walimusikiliza.

Bwana yake hana kitu. Miaka 17 ya mugodi, radio zote zilibakia kule kwa kompani yenye alitumikia mbele, na kila akiuliza wanamuambia arudie kesho.

Siku ya posho yenye inakuja, mukutano ni saa nane. Kila mutu alete karatasi zake za afya, hata moja, hata ya zamani. Mwenye hana, alete jina la kompani na miaka yenye alitumika, tutaandika barua ya kuomba pamoja naye. Na wamama waje wakae mbele.